Mguu wa Mkwe Kwenye Dari

Mtaa wa Panda, mjini Likasi, haukuwa na mtu aliyejua maneno ya nyumba kumshinda Ambroise. Ukimwambia bomba lako linavuja, alifumba macho kidogo kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akauliza, "Inavuya kwa shingo ao kwa kinywa?" Hujamaliza kujibu, ameshasema, "Ni mupira ya ndani. Imekufa." Choo kikiziba: "Ni sifoni." Mlango ukigoma kufunga: "Si mulango, ni bawaba ya chini." Mvua ikikuingilia sebuleni, alikuuliza tone linaangukia wapi, akakwambia ni bati gani kati ya mabati yote ya paa lako, hayo ambayo sisi huku tunayaita manjanja.

Yote hayo aliyasema akiwa amekaa. Kazi yake, kwa muda mrefu kuliko wengine walivyodumu kwenye ndoa zao, ilikuwa kukaa nyuma ya kidirisha cha ofisi ya nyumba za kampuni. Nyumba zilikuwa za kampuni, taa za kampuni, hata rangi ya kuta ilikuwa ya kampuni. Mfanyakazi alikuja kidirishani akiwa na shida yake, Ambroise akaitaja shida hiyo kwa jina lake la heshima, akasema, "Équipe itakuya," na kesho yake au kesho kutwa mafundi walifika na ngazi yao. Watu walipoona shida imetajwa vile na kweli imekwisha vile, waliamini kwamba Ambroise ni injinia aliyependa tu kukaa.

Mkono wake ulikuwa haujawahi kushika nyundo. Kwake nyumbani hata msumari wa kutundika picha ya Moyo Mtakatifu uligongwa na mtu wa kampuni, Ambroise akiwa amesimama nyuma yake akielekeza: kushoto kidogo, kulia kidogo, basi.

Halafu miaka mibaya ikaingia. Mgodi mkubwa ulibomoka huko chini, matanuru yakapoa, mshahara ukawa unakuja kama mgeni asiyetoa taarifa, mwisho hata kuja ukaacha. Wale mafundi wakatawanyika. Mmoja alikwenda kulima mahindi upande wa Buluo, mwingine akawa anasukuma makala, mkaa wa kupikia, kwa kinga, baiskeli yake. Benoît, fundi wa mapaa, alikuwa mtu wa Kasai, na mwaka ule ambao watu wa Kasai walifukuzwa alikaa na familia yake kwenye kituo cha treni, wakilala juu ya saruji, wakingoja behewa la kuwachukua kwenda nchi ambayo watoto wake walikuwa hawajaiona. Ambroise alikwenda kumpelekea bukari na sombe, ugali na kisamvu. Walikula pamoja palepale juu ya saruji. Wakati wa kuagana Benoît alitoa nyundo yake kwenye mfuko, akaishika, akampa.

"Kamata hii," akasema. "Ni muzito kubeba."

Ambroise alirudi nayo nyumbani akaiweka juu ya kabati, na kwa miaka miwili haikugusa msumari.

Kidirisha kilifungwa siku moja bila mtu yeyote kuja kusema kimefungwa. Lakini watu hawakuacha kuleta shida zao. Walimfuata kwake, wakamkuta amekaa barazani kwenye kiti kilekile cha ofisi, ambacho alikibeba kichwani siku ya mwisho. Walisema shida, naye akasema jina lake. Wakarudi kujitafutia wenyewe kamba, mpira, kipande cha waya, wakafanya. Mara nyingine ilikubali. Ikikubali walimletea mahindi mabichi. Ikikataa walisema wao ndio hawakumsikiliza vizuri.

Mtu mmoja tu alijua ukweli wote, naye ni Mado, mke wake, aliyekuwa akiuza maharage sokoni Kikula na kulisha nyumba.

"Siku moja," Mado alimwambia, "kintu itaharibika humu mwetu, na utaiambia jina yake mupaka ichoke."

Ikatokea mwaka tisini na tano, wakati wa baridi, mama yake Mado alipokuja kukaa. Mama Henriette alitoka Mwadingusha, kule kwenye barrage, bwawa la umeme, ambako marehemu mumewe alikuwa akifungua na kufunga maji ya mto Lufira. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mwanamume na sauti ya taratibu, na aliheshimu mila kuliko padri anavyoheshimu misa. Tangu Ambroise alipomwoa binti yake, wawili hao hawakuwahi kupeana mkono, kula sahani moja, wala kutazamana usoni. Mama mkwe akiingia sebuleni, Ambroise alitokea mlango wa jikoni. Wakilazimika kuzungumza, kila mmoja aliutazama ukuta wake, na maneno yakapitia kwa Mado hata kama Mado alikuwa amesimama katikati yao na mwiko mkononi.

Alipewa chumba cha watoto. Asubuhi ya pili alikaa jikoni, akautazama ukuta.

"Mado. Ambia bwana yako, kule juu ya kitanda yangu kuko bantu banachezaka mupira."

Ambroise alikuwa nje ya dirisha, akinywa chai kwa kificho kama mila inavyotaka. "Mado, ambia Mama, ile ni bapanya."

"Mado, muambie najua ni bapanya. Namuuliza atabafukuza siku gani."

Ambroise akaanza kueleza: panya huingia kwa sababu nyumba imeacha nafasi, na nafasi inaweza kuwa ya ukutani, ya mlangoni au ya chini ya paa, na kila nafasi ina... Mama Henriette alimsubiri amalize. Kisha akasema polepole, "Mado, muambie asante. Sasa najua majina ya milango bapanya banapitia. Bado kujua jina ya siku."

Mado aliinamia chungu ili asionekane anacheka.

Siku hiyohiyo Ambroise alikwenda kwa jirani yao Georgette kuazima paka, dume la kijivu lenye kichwa kama ngumi. Alipanda ngazi hadi kwenye kile kijimlango cha dari kilichokuwa ukumbini, akamsukuma paka ndani, akafunga. Asubuhi walisikiliza. Kimya. Ambroise akatembea barazani mikono nyuma. Alipofungua kijimlango, paka alishuka bila haraka, akaenda moja kwa moja jikoni, akala samaki wakavu wote wa Mado, akalala juu ya kitanda cha Mama Henriette. Usiku uliofuata panya walicheza mpira vilevile, paka akiwa anakoroma chini yao.

"Ambia bwana yako," alisema Mama Henriette, "sasa tuko na wageni ya juu na mugeni ya chini."

Yeye mwenyewe akatoa shauri. Kule Mwadingusha, alisema, panya wanafukuzwa kwa moshi wa pilipili. Ambroise hakuwa na hali ya kukataa. Wakawasha mbabula ndogo, jiko la mkaa, wakaijaza makala, Ambroise akaiingiza kwa kile kijimlango na kuiweka juu ya kipande cha bati, na Mado akampa kopo la pilipili kavu. Shauri lilikuwa pilipili kiasi cha kiganja. Ambroise, aliyetaka mambo yaishe siku hiyo, akamimina kopo zima, akafunga kijimlango.

Panya huenda walikohoa, hakuna aliyewasikia. Waliosikika ni watu. Moshi uliteremka kupitia kila mwanya wa dari. Mado alitoka mbio na sufuria, watoto wakatokea dirishani, Mama Henriette akatoka na rozari yake mkononi, macho yakimtiririka, na paka wa Georgette akapita juu ya vichwa vyao wote. Barabarani mtu wa kinga alisimama, akapiga chafya mara nyingi, akaanguka pamoja na mzigo wake wa makala.

Jirani wa upande wa pili, Joachim, alikuwa mtu wa kanisa la uamsho. Alipoona familia nzima inatoka nyumbani ikilia na kujipiga vifua, hakuuliza swali. Aliruka ukuta mfupi, akasimama mbele ya mlango, akanyoosha mikono.

"Tokeni! Kwa jina la Yesu, tokeni!"

"Tumeshatoka," alisema Ambroise kati ya kikohozi na kikohozi.

"Haiko ninyi! Nasemesha ile iko ndani!"

Ni kweli kwamba ile iliyokuwa ndani ilitoka. Panya walitoka chini ya manjanja mmoja baada ya mwingine, wakaingia kwenye matawi ya mwavokado uliosimama mpakani, wakatelemkia upande wa pili, ndani ya paa la Joachim, ambaye bado alikuwa amefumba macho. Jumapili hiyo Joachim alitoa ushuhuda kanisani jinsi mapepo ya jirani yake Mkatoliki yalivyokimbia kwa neno lake moja. Katikati ya juma alikuja ukutani na uso mwingine.

"Frère Ambroise. Ile mapepo ya kwako iko na mikila. Na inakulaka sabuni."

Moshi ulipokwisha kabisa, panya walikumbuka nyumbani. Wakawa wanalala kwa Ambroise na kula kwa Joachim.

Mama Henriette aliacha kuuliza siku. Alikaa tu kitandani, akiinua macho juu na kuyashusha. Macho hayo ndiyo yaliyomshinda Ambroise. Siku moja baada ya chakula cha mchana alivaa suruali yake ya ofisi, ile ya kijivu, kwa kuwa ndiyo iliyompa moyo, akachukua nyundo ya Benoît juu ya kabati, akasimamisha ngazi chini ya kijimlango.

"Weye ulipandaka mu plafond siku gani?" aliuliza Mado, mikono imejaa unga.

"Minye najua vile iko."

"Unajua jina yake. Haujue yeye mwenyewe."

Ambroise akapanda. Na ni kweli alijua. Watu wengi sana walikuwa wamemsikia kidirishani akisema jambo moja kuhusu dari: unakanyaga miti tu, hukanyagi kamwe ubao mwembamba ulio katikati. Ndani kulikuwa na giza, na joto, na harufu ya mkojo wa panya iliyochanganyika na pilipili. Alijivuta juu ya mti wa kwanza. Akafika wa pili. Panya mmoja akapita juu ya mkono wake. Ambroise akasimama, na aliposimama alikanyaga ubao.

Huko chini Mama Henriette alikuwa amekaa kitandani, amenyoosha miguu, anajipaka mafuta ya mawese magotini kwa sababu ya baridi. Akasikia mlio kama wa muhogo mkavu unaovunjwa. Vumbi likamwagika. Alipofuta macho, mguu wa mwanamume ulikuwa unaning'inia juu yake hadi kwenye paja, umevaa suruali ya kijivu na soksi iliyotoboka, kidole gumba kikichungulia.

Alijitupia usoni kikwembe chake, kitenge cha begani, akaegemea ukuta.

"Mado! Eh, Mado! Kuya! Bwana yako amenitumia mguu!"

Mado aliingia mbio, akasimama mlangoni, akashika mdomo.

"Ambroise! Uko muzima?"

"Niko muzima," sauti ilitoka juu, nyembamba. "Ambia Mama anisamehe."

"Mama, anasema umusamehe."

"Nimesikia. Muambie akokote mguu yake."

"Anasema ukokote mguu."

"Ambia Mama, suruali imeshikwa na musumari. Na mikono yangu yote inashika miti. Nikiachia moja, minye mwenyewe nakuya nzima."

Mama Henriette aliposikia neno hilo alisogea hadi pembeni kabisa mwa kitanda. Mado alipanda juu ya kitanda, akanyoosha mikono, hakufika. Alikuwa amemfuata baba yake kwa ufupi. Alifikiria kumwita Joachim, lakini Joachim angekuja na wimbo na waumini, na kabla ya jioni Panda nzima ingejua mguu wa nani ulikuwa juu ya kitanda cha nani. Mama na binti wakatazamana.

"Lete balai," alisema Mama Henriette.

Mado alileta ufagio wa mti mrefu. Mama Henriette akapanda kitandani, akageuza uso ukutani kama heshima inavyotaka, akaanza Salamu Maria kwa sauti, na, akiwa ameupa mguu mgongo, akausukuma ufagio juu kwa kukisia. Mara ya kwanza alipiga ubao. Mara ya pili alipiga hewa. Mara ya tatu nyuzi za ufagio zilipita chini ya unyayo wa Ambroise, polepole, kutoka kisigino hadi vidoleni.

Sauti iliyotoka darini hakuna aliyeitarajia. Ambroise alikuwa anacheka. Alijaribu kuzuia, akaomba msamaha, akacheka tena, cheko jembamba la mtoto anayetekenywa, na mguu ukarusharusha mateke chumbani. Salamu Maria ikasimama katikati. Mabega ya Mama Henriette yakaanza kutikisika. Alikaa chini juu ya kitanda, kikwembe kimejazwa mdomoni, akacheka hadi machozi ya pilipili yaliyobaki yakatoka yote. Mado aliwasikia wote wawili, mmoja juu na mmoja chini, watu ambao hawajawahi kucheka nyumba moja, akatelemka kwenye sakafu akashika tumbo.

Alipopata nguvu, Mama Henriette alisimama tena, safari hii akitazama kabisa, akaweka kichwa cha ufagio chini ya kisigino na kusukuma kwa mabega yake yale. Suruali ilipasuka. Mguu ukapanda juu ukapotea. Kipande cha kitambaa cha kijivu kikabaki kwenye msumari, soksi ikabaki kwenye ufagio.

Ambroise alilala kifudifudi juu ya miti akihema. Tundu alilolifungua lilikuwa linaleta mwanga, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona ndani ya paa. Aliona mstari mweusi wenye mafuta juu ya mti mmoja, mahali ambapo panya wamepita na kupita hadi manyoya yao yamepaka njia. Aliufuata kwa macho. Ulikwenda hadi kwenye pembe ya ukuta, ambako udongo kati ya tofali na manjanja ulikuwa umedondoka na jua lilikuwa linaingia. Kwenye jua hilo kulikuwa na jani la mwavokado, limeingia ndani kabisa, linatikisika kwa upepo. Karibu yake tundu jingine, la msumari uliong'oka, na chini ya tundu hilo mti ulikuwa na doa la maji ya mvua za miaka.

Alishuka amejaa masizi na mguu mmoja hauna soksi. Alisimama ukumbini akiutazama ukuta.

"Mado, ambia Mama. Nimeona njia ya bapanya na tundu ya mvua. Lakini minye sikuwe fundi hata siku moja. Nilikuwa nakaa tu."

Sauti ikatoka chumbani. "Mado, muambie bantu bote banajua. Banapendaka tu kumusikia." Kisha: "Na umuambie, mukwe akimuletea mama mukwe mguu, analipa kuku."

"Ambia Mama nitaleta kuku kesho."

"Kuku ingoje. Nitamukula siku mvua itanyesha na sitapata tone ku kichwa."

Basi kuku jike mweupe akaletwa, akafungwa kamba mguuni nyuma ya nyumba, na mashindano kati ya paa na mvua yakaanza.

Joachim alikubali kusaidia mara moja, maana sabuni ilikuwa imekwisha kwake. Walianza na tawi la mwavokado. Walilifunga kamba, Joachim akashika kamba upande wake, Ambroise akapanda na msumeno wa kuazima.

"Itaanguka kushoto!" alitangaza Ambroise kutoka juu, kwa sauti yake ya kidirishani.

Likaanguka kulia, juu ya bafu la Joachim, ambalo lilikuwa kuta za mabati ya zamani bila paa. Kwa neema ya Mungu hapakuwa na mtu ndani, isipokuwa ndoo, na ndoo ile haikufaa tena kwa maji. Joachim alitazama bafu, akatazama kamba iliyokuwa bado mkononi mwake. "Frère," akasema, "wakati mwingine usitabiri." Siku mbili zilizofuata walijenga bafu, na hapo ndipo Ambroise alipojifunza kupiga msumari bila kupiga kidole, akilipia somo hilo kwa kidole.

Kwa zile nafasi za chini ya mapaa yote mawili, Ambroise alichimba udongo wa kichuguu, ule unaoshika kuliko udongo wa shamba, akauponda na maji, akachanganya chupa zilizosagwa ili panya akitafuna ajute. Pembe kubwa aliiziba kwanza kwa wavu wa waya. Mama Henriette alikaa chini kwenye mkeka wake, amewapa mgongo, akiwaelekeza kupitia kwa Mado: maji kidogo, maji mengi, huko umeruka. Nusu ya maelekezo yake yalikuwa sawa. Kwa nusu nyingine udongo ulidondoka kesho yake, naye akasema ni Mado aliyeyapeleka vibaya.

Waliacha nafasi moja wazi kila nyumba. Joachim alikwenda kuwaonya waumini wenzake wasije. Halafu wakawasha mbabula mbili, moja kila dari, pilipili kiasi cha kiganja, si zaidi, na Mama Henriette ndiye aliyepima. Panya walitoka. Wa Ambroise na wa Joachim, walitoka pamoja, na safari hii hakukuwa na tawi la kupita. Walidondoka chini kama maembe, wakakimbilia mtaroni kuelekea reli, na paka wa Georgette, ambaye watu wote walikuwa wamemkatia tamaa, akawatazama wakipita akapiga mwayo. Ambroise akafunga nafasi ya mwisho kwa mikono yake miwili, udongo ukimjaa hadi viwikoni.

Lilibaki tundu la msumari. Lami ya dukani haikuwepo; duka lenyewe halikuwepo. Ambroise alichukua ndoo akaenda kwenye barabara ya lami iliyokuwa inakatika vipande, akaanza kuokota vipande hivyo. Askari mmoja akamsimamisha.

"Unaiba barabara?"

"Barabara gani, chef?" aliuliza Ambroise.

Askari aliangalia huku, akaangalia kule, mashimo na vumbi pande zote mbili. Akafikiri. Akaenda zake.

Lami iliyeyushwa ndani ya kopo, ikapakwa juu ya tundu pamoja na kipande cha mpira wa ndani wa tairi la kinga, ikapakwa tena. Lile tundu la mguu chumbani lilifunikwa na ubao wa sanduku la chai. Kisha watu wakaanza kungoja mvua, na mvua, kama ilivyo tabia yake ikijua inangojwa, ilichelewa. Mama Henriette alitakiwa kurudi Mwadingusha. Hakurudi. Kuku alinenepa, akaanza kutaga.

Ilinyesha mchana mmoja, kwa kishindo, kama mtu amemwaga kokoto juu ya manjanja. Wote waliingia chumba cha watoto. Hata Joachim alikuja, amefunika kichwa kwa gunia, kwa sababu alisema na yeye ana haki ya kuona. Ambroise alibaki mlangoni, mgongo ndani, uso nje. Walitazama juu. Wakatazama muda mrefu. Ubao wa sanduku la chai ulikaa mkavu. Pembe ikakaa kavu.

"Hapana kitu," alisema Mado.

Wakati huohuo tone moja, kubwa, lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepafikiria, upande wa mlangoni, likaanguka shingoni mwa Ambroise na kumshukia mgongoni. Aliruka. Watu wote wakamgeukia.

Mama Henriette alijipapasa kichwa, akakikuta kikavu. Kisha, bila kumtazama Mado, akasema, "Mukwe wangu. Nilisema ku kichwa yangu. Sikuseme ku shingo yako. Chinja kuku."

Ambroise aligeuka. Maneno yale hayakuwa yamepita kwa mtu. Alimtazama Mado aone kama masikio yake hayamdanganyi.

"Unaangalia nini?" alisema Mama Henriette. "Mutu nimesukuma mguu yake na balai, haya gani imebakia? Kuya ukae."

Kwa mila za kwao kitu hicho kina taratibu zake, mama mkwe anapomwingiza mkwe mezani, nao walizifuata kwa kadiri walivyoweza siku ile ya mvua. Mama Henriette alimnawisha mikono. Alimpa bukari kwa mkono wake na kipande cha kuku kwanza, akamwambia ale. Ambroise alikula akiutazama ukuta kwa mazoea, akamwaga mchuzi kwenye suruali iliyoshonwa. Joachim aliomba baraka kwa muda mrefu mno, nyama ikapoa.

Na Mama Henriette akaanza kuzungumza. Ilionekana alikuwa ameyaweka maneno tangu harusi. Alimwambia Ambroise kwamba chai yake ni kali mno, kwamba kiti chake barazani kinaziba njia, kwamba marehemu mumewe naye alikuwa na vidole vya miguu vya namna ile. Mado, aliyekuwa hajawahi kula chakula bila kubeba ujumbe, alikaa mikono mapajani asijue aifanyie nini. Kufikia jioni alianza kutamani mila irudi.

"Na nyumba yangu kule Mwadingusha," Mama Henriette alikuwa akisema, "manjanja ya jikoni inaimba kila upepo, na kuko popo, popo mingi, si kama bapanya yako..."

"Popo," alisema Ambroise, "banaingiaka kwa sababu ya..." Akanyamaza. "Lazima niangalie kwanza," akasema.

Juma lililofuata walipanda lori la mahindi lililokuwa linakwenda upande wa barrage. Mama Henriette alikaa mbele na dereva kwa sababu ya magoti yake. Ambroise alikaa nyuma juu ya magunia, amekumbatia ndoo ya lami na nyundo, na kabla lori halijafika mwisho wa Panda, Mado aliyebaki barabarani alimwona mama yake ametoa kichwa nje ya dirisha, amekigeuza nyuma, anaendelea kumweleza jambo, naye Ambroise ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio, anaitikia kwa kichwa.